Nyumba ya Papa kwa Wanafunzi Maskini

Papa Adrian wa Sita alifariki Roma tarehe 14 Septemba 1523, baada ya kuliongoza Kanisa kwa muda usiotimia miaka miwili. Alikuwa mtu wa kubana matumizi, na Warumi hawakumpenda. Lakini wosia wake ulikuwa na habari njema kwa mji wa mbali, Leuven, katika nchi tunayoiita leo Ubelgiji. Nyumba yake ya huko aliagiza igeuzwe bweni la wanafunzi wa teolojia wasio na uwezo.

Ili kuelewa kwa nini Papa afe akiukumbuka mji wa chuo, turudi nyuma. Adrian alizaliwa Utrecht mwaka 1459, mtoto wa seremala, akafiwa na baba angali mdogo. Mwaka 1476 alijiunga na Chuo Kikuu cha Leuven, kilichoanzishwa mwaka 1425 kwa idhini ya Papa Martin wa Tano. Kwa mtoto yatima kama yeye, kufika shahada ya udaktari wa teolojia kulihitaji mkono wa mtu, na aliyemshika mkono ni Margaret wa York, mjane wa mtawala wa Burgundy. Alitunukiwa shahada hiyo mwaka 1491. Baadaye akafundisha pale pale na kuwa mkuu wa chuo mara mbili, kabla ya kuitwa kumlea na kumfundisha mfalme mtarajiwa, Charles wa Tano.

Kwa hiyo wosia ule ulikuwa ni mtu kulipa deni. Alisomeshwa, naye akasomesha. Msimamizi wa mirathi, Kardinali Willem van Enckenvoirt, alihakikisha agizo linatekelezwa, na bweni likaitwa Chuo cha Papa. Katika karne ya 18 sehemu ya jengo ilianguka, likajengwa upya. Linasimama hadi leo, na wanafunzi wa Leuven bado wanalala humo.

Adrian hakuwa wa kwanza. Mwaka 1517 alifariki Hieronymus van Busleyden, mtumishi wa Kanisa na mwanasheria aliyewahi kusoma Leuven, rafiki wa wasomi Erasmus na Thomas More. Aliacha mali ya kuwalipa walimu wa Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, na masomo yatolewe bure. Hapo pana funzo kwa kila mwenye kuandika wosia, maana zawadi ile ilikaribia kukataliwa. Wako wanateolojia waliohofia kwamba lugha hizo zingefungua mlango wa mafundisho mapya, na mapatano ya kuwaweka walimu hao katika chuo kilichokuwepo yakashindikana. Wasimamizi wa mirathi, wakisaidiwa na Erasmus, wakaanzisha chuo kinachojitegemea, na masomo yakaanza mwaka 1518. Wosia bila wasimamizi wenye msimamo ungeishia kwenye makabati.

Sehemu inayonigusa zaidi, hata hivyo, si ya mapapa wala matajiri. Kwa karne kadhaa mapadre wa parokia, walimu na watu wa kawaida waliosoma Leuven waliacha kodi ya shamba au ya nyumba isomeshe kijana mmoja au wawili kila mwaka. Wengi waliweka utaratibu ambao mzee yeyote wa kwetu angeuelewa: kwanza ndugu wa damu, akikosekana, kijana wa kijiji alikotoka marehemu. Familia haikunyang'anywa, na chuo hakikusahauliwa.

Mwaka 1797 Wafaransa walikifunga Chuo Kikuu cha Leuven na kutwaa majengo yake. Kilipofufuliwa mwaka 1834, mali nyingi zilikuwa zimekwenda. Lakini baadhi ya mifuko ya masomo ilinusurika, na sheria ya Ubelgiji ya mwaka 1864 iliiweka chini ya kamati za majimbo ambazo zinaisimamia hadi sasa.

Leuven hiyo hiyo ndiyo iliyozaa Chuo Kikuu cha Lovanium huko Kongo mwaka 1954. Vyuo vikuu vya Kikatoliki vya Afrika Mashariki navyo vimekua. CUEA ya Nairobi ilianza mwaka 1984, Uganda Martyrs ya Nkozi mwaka 1993, SAUT ya Mwanza mwaka 1998. Wahitimu wa mwanzo wanastaafu sasa. Wana viwanja, nyumba na hisa. Je, nani amewahi kukaa nao na kuwaomba wakikumbuke chuo katika wosia? Harambee na michango ya mahafali ni mizuri, lakini huisha siku ile ile.

Wenye vyuo waanze kwa kuomba wazi, waseme fedha zitasomesha nani, na waandike hesabu ambazo wajukuu wa mtoaji wataweza kuzisoma. Mhitimu naye ahakikishe kwanza mke au mume, watoto na wazazi wamepata haki yao, kisha ataje sehemu ya kinachobaki, hata kama ni ndogo. Kenya wosia wa maandishi unahitaji saini mbele ya mashahidi wawili, na ni busara anayeachiwa kitu asiwe shahidi. Tanzania, wakala wa serikali uitwao RITA huandaa na kuhifadhi wosia. Ukiwa umesoma kwa msaada wa mtu, andika wako mwaka huu, na mjulishe msimamizi uliyemchagua.