Mficha Maradhi

Yako maradhi ambayo mtu huyasema mbele za watu bila haya, na yako maradhi ambayo huyaficha hata kwa mama yake mzazi. Anayeumwa na jino hushika shavu, na mwenye homa hujifunika blanketi akahurumiwa. Lakini asiyeweza kuuzuia mkojo wake hunyamaza. Mzee huacha kwenda katika baraza la chifu. Mama huacha kwenda sokoni. Mwanafunzi huchagua dawati lililo karibu na mlango, akiomba kengele ilie upesi. Kaunti za Kitui na Makueni zilikuwa na watu zaidi ya milioni mbili kwa hesabu ya mwaka 2019, na hapana shaka kwamba miongoni mwao wako wenye taabu hiyo. Huenda wewe, msomaji, umewahi kumcheka mmoja wao. Nataka kukuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba ulimcheka kwa kosa lisilo lake.

Kwanza tujue kazi ya kibofu. Kibofu ni mfuko wa misuli, ambao kwa mtu mzima huweza kuchukua yapata nusu lita ya mkojo. Mfuko huu hungoja kuamriwa. Ukijaa, habari hupita katika mishipa ya fahamu, huingia katika uti wa mgongo, na hupanda mpaka ubongoni. Kisha ubongo hurudisha amri: ngoja, au toa. Mishipa ichukuayo habari hizo hutoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo. Habari zikipotea njiani, au amri zisipofika, kibofu hujikaza kisipotakiwa, na mtu hujikojolea angawa ana adabu njema na akili timamu. Aliyekosea ni tarishi, lakini aaibikaye ni mwenye nyumba.

Tarishi huyo hutumia nguvu gani? Watu wa kale hawakujua, walakini waliona dalili zake. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, tabibu wa Roma aitwaye Scribonius Largus aliandika kwamba mwenye jongo akanyage samaki mwenye umeme ufukoni, mpaka mguu ufe ganzi hadi gotini. Hakujua umeme ni kitu gani. Miaka mingi ikapita. Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Bologna, Italia, alichapisha habari za majaribio yake juu ya miguu ya chura waliokufa, ambayo ilirushwarushwa kwa umeme kama miguu hai. Tangu hapo wataalamu walianza kutambua kwamba mishipa ya fahamu hufanya kazi kwa umeme. Lakini swali lilibaki: umeme huo huwekwa wapi, na na nani?

Hapa historia yetu yafika Ukambani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilichukua pembe za ndovu mpaka pwani, na mmoja wa wakuu wa biashara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui, ambaye mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1849. Wawindaji walimwangusha ndovu kwa mshale uliopakwa sumu ya mti uitwao mchungu, iliyochemshwa mpaka ikawa nzito na nyeusi kama lami. Ndani ya sumu hiyo mna kitu ambacho wataalamu hukiita wabaini, nacho husimamisha moyo. Wawindaji walijua vema kwamba sumu yaua. Namna iuavyo hawakuijua.

Jibu lilianza kupatikana mbali sana na Ukambani. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Denmark, akichunguza mishipa ya fahamu ya kaa, aligundua pampu ndogo mno iliyomo katika ngozi ya kila chembe ya mwili. Fikiri mtu atekaye maji katika shimo la mchanga, kwenye mto mkavu wa Kitui, akayapandisha mpaka tangi lililo kilimani. Wakati wowote bomba likifunguliwa, maji hushuka kwa nguvu. Ndivyo pampu hiyo ifanyavyo: hutoa sodiamu nje ya chembe na kuingiza potasiamu ndani, na tofauti hiyo ndiyo akiba ya umeme wa mshipa. Wabaini huizuia pampu hiyo hasa. Kwa sababu hiyo ilitumiwa kuitambua. Usidhani nasema kwamba mwindaji wa Kitui alibuni tiba ya kibofu. Nasema kwamba sumu ya namna ileile aliyoipika jikoni porini iliwasaidia wataalamu kuielewa mishipa yetu. Mwaka 1997 Skou alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia.

Haja ya tiba yenyewe ilionekana wazi zaidi vitani. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, wengi wa askari waliovunjika uti wa mgongo walikufa baadaye, kwa vidonda vya kulala na kwa mkojo ulioharibu figo. Katika vita vya pili, ambavyo Wakamba wengi walipigana katika jeshi la King's African Rifles, mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann alifungua kituo cha majeruhi hao huko Stoke Mandeville, Uingereza, akaonyesha kwamba utunzaji mwema wa ngozi na kibofu huokoa maisha. Katika miaka ya 1970 Giles Brindley wa London alianza kuweka vyombo vidogo vya umeme kwenye mizizi ya mishipa ya kibofu, ili majeruhi akojoe apendapo.

Huko San Francisco, Marekani, Emil Tanagho na Richard Schmidt walifuata njia ya upole zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walituma umeme mdogo katika mshipa ulio chini ya uti wa mgongo, kusudi kibofu kilicho na papara kitulie. Serikali ya Marekani iliruhusu tiba hiyo mwaka 1997, mwaka uleule wa tuzo ya Skou. Naye Edward McGuire alikuwa ameeleza mwaka 1983 kwamba kibofu chaweza kutulizwa kutoka kifundo cha mguu, maana mshipa upitao hapo una shina moja na mishipa ya kibofu. Siku hizi sindano nyembamba huchomwa juu kidogo ya kifundo, na umeme hupitishwa kwa nusu saa, mara moja kwa juma, kwa majuma 12. Wengine hutumia vibandiko juu ya ngozi tu.

Umeme haumfai kila mgonjwa. Mama aliyetoboka kibofu kwa uchungu wa kuzaa uliozidi muda ahitaji kushonwa na mpasuaji. Mwenye vijidudu katika mkojo ahitaji dawa, na mwenye ugonjwa wa sukari atibiwe sukari yake. Daktari hawezi kutenganisha hayo asipoambiwa. Kutoka Mutomo au Kyuso mpaka hospitali kubwa ya Kitui ni mwendo mrefu, na kutoka vijiji vya Makueni mpaka Wote kuna gharama. Lakini wako wenye nauli mkononi ambao hawaendi kwa sababu ya haya.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mithali hiyo humwonya mgonjwa. Lakini yafaa tujiulize ni nani aliyemfunza kuficha. Basi mwenzako akiomba ruhusa ya kutoka mara ya tatu katika kipindi kimoja, usigeuke kumtazama.