Geti ambalo sikulichora

Leo tuweke programu kando kidogo, ndugu msomaji, tuzungumze historia ya ramani za intaneti kwetu Kericho na Bomet. Si ya kale. Nusu yake niliishuhudia nikiwa saiba, nikilipia kwa dakika.

Google Maps ilipotoka Februari 2005, kilichotushangaza sisi waandika programu ni jinsi ramani ilivyoletwa: vipande vidogo vya picha, vikiitwa kimoja kimoja kadiri unavyoburuta kipanya, bila kupakia ukurasa mzima upya. Nilipopata nafasi nikatafuta Litein. Mashamba makubwa ya chai, yaliyoanza kupandwa na makampuni ya Waingereza miaka ya 1920, yalionekana kama zulia. Mji wenyewe haukuwa na barabara hata moja yenye jina. (Na mawingu! Mtu wa Kericho atanielewa.)

Kabla ya hapo ramani ilikuwa karatasi ya serikali, skeli 1:50,000, unayonunua na kuikunja. Uingereza nako ramani za serikali ziliuzwa, na ndiyo sababu Steve Coast alianzisha OpenStreetMap mwaka 2004, ili watu wazichore wenyewe na kugawana bure. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu Mei 2000 Marekani iliondoa kosa la makusudi kwenye mawimbi ya GPS. Kosa hilo lilifika hata mita 100. Kwetu, mita 100 zinakutoa barabarani na kukutupa ndani ya chai ya jirani.

Kenya haikukawia. Januari 2008, katikati ya vurugu za baada ya uchaguzi ambazo Kericho nayo iliziona, Ory Okolloh na wenzake walijenga Ushahidi kwa siku chache tu: unatuma SMS, tukio linawekwa kwenye ramani. Mwishoni mwa 2009 vijana wa Kibera wakatembea na GPS vichochoroni, wakajaza mahali palipokuwa patupu.

Nami nikaazima GPS. Kwa Jumamosi kadhaa nilizunguka Litein na Kapkatet kwa bodaboda, jioni nikichora. Kwenye OpenStreetMap barabara ni mfuatano wa nodi, kila moja na latitudo na longitudo yake, kisha unabandika lebo: ni ya lami au ya murram, nani anaruhusiwa kupita. Hiyo ya mwisho niliiruka. Njia moja ilikatiza ndani ya shamba la kampuni, mlinzi akanifungulia mchana bila maneno, nami nikaichora kama barabara ya umma.

Mwaka 2013 binamu yangu, dereva wa teksi, alikuwa akimkimbiza mama mwenye uchungu hospitali Kericho usiku. Simu yake ilikuwa na ramani ile. Ikamwonyesha njia yangu, fupi kweli. Geti limefungwa kwa kufuli, hakuna mtu. Kugeuza na kurudi barabara kuu kuliwala karibu nusu saa. Mtoto alizaliwa salama, lakini binamu hakunisemesha wiki nzima.

Nilirekebisha usiku uleule niliposikia. Nilibandika lebo ya njia ya binafsi, nikaweka nodi ya geti. Hapo ndipo nilipoona tofauti ambayo awali niliichukulia kuwa ya wanasheria tu. Google nayo ilikuwa na Map Maker, ambako wengi wetu tulichora pia. Ulichochora kilikuwa mikononi mwa kampuni, na Machi 2017 huduma ikafungwa. Data ya OpenStreetMap, chini ya leseni yake ya tangu Septemba 2012, mtu yeyote anaweza kuichukua yote, kaunti au mwenye teksi, akaitumia na kuirekebisha.

Baadaye nilirudi getini. Mlinzi akauliza napima nini, nikamwonyesha simu. Akaniambia geti hufungwa saa kumi na mbili jioni, na Jumapili halifunguliwi kabisa. Nikayaandika hayo pia.