Mizani ya Northampton

Ukitaka kujua jinsi kipimo cha mwili mzuri kinavyogeuka, msomaji wangu, huna haja ya kuzunguka ulimwengu. Tazama chuo kimoja tu cha wanawake, Smith, kilichofunguliwa mwaka 1875 katika mji wa Northampton, Marekani, kikiwa na wanafunzi 14.

Wasichana hao waliingia darasani hukumu ikiwa imekwisha kutolewa juu yao. Mwaka 1873 Edward Clarke, daktari wa Boston aliyepata kufundisha Harvard, alitoa kitabu kilichodai kwamba nguvu za mwanamke zina kikomo. Akizitumia kwa masomo mazito, viungo vyake vya uzazi vitadhoofika. Ushahidi wake ulikuwa habari za wagonjwa wachache tu. Lakini neno la daktari ni zito, na wazazi wengi wakaingiwa na hofu.

Basi mwili wa mwanafunzi ukawa shahidi katika kesi ya elimu. Arudipo likizoni amekonda, wapinzani walipata la kusema. Arudipo amenawiri, walinyamaza. Ndiyo sababu wasichana wa Smith wa zamani zile waliwaandikia mama zao kwa furaha kwamba wameongezeka ratili kadhaa, wakasimulia na vyakula walivyokula. Furaha hiyo sisi hatuhitaji kufafanuliwa: mtoto atokapo shule ya bweni, mama humtazama mashavu kabla ya kumwuliza habari ya mtihani. Chuo nacho kilihimiza mazoezi ya viungo. Mwalimu Senda Berenson, aliyeanza kazi hapo mwaka 1892, aliwafunza wasichana mpira wa kikapu. Kabla ya hapo, mwaka 1885, uchunguzi wa wanawake 705 waliohitimu vyuo mbalimbali ulikuwa umeonyesha kwamba elimu haikuwaharibia afya. Clarke hakuusoma, alikuwa amekufa mwaka 1877.

Ungedhani kesi imekwisha. Kumbe aliyeondoka ni hakimu mmoja, akaja mwingine. Kufikia miaka ya 1920 waliobisha haki ya msichana kusoma walikuwa wamepungua, na unene haukuwa tena na jambo la kuthibitisha. Wakati huohuo nguo zilizoshonwa tayari viwandani zilienea. Zamani fundi aliufuata mwili kwa futi yake. Sasa mwili ulitakiwa uifuate nguo. Sinema na matangazo ya magazeti yakamsifu msichana mwembamba, asiye na nyonga wala kifua. Mwaka 1918 daktari Lulu Hunt Peters, naye mwanamke, alikuwa ametoa kitabu kilichowafundisha Wamarekani kuhesabu chakula kwa kalori, si kwa vipande vya mkate. Nadhani kitabu hicho kilikuwa na nguvu kuliko sinema zote, kwa maana kiliugeuza mlo kuwa hesabu, na mwanafunzi ni mtu wa hesabu.

Si kila chuo kilikwenda njia hiyo. Katika chuo cha Spelman huko Atlanta, kilichoanzishwa mwaka 1881 kwa ajili ya wanawake weusi, wengi wao mabinti wa watu waliotoka utumwani, kujinyima chakula hakukushika vivyo hivyo. Wasichana wale walitazamwa kwa macho mengine. Wazungu walikuwa wamezoea kuwachora watu weusi kwa dhihaka, kwa hiyo vazi la heshima, mwendo na usafi ndivyo vilivyosimamiwa kwa ukali. Huo nao ulikuwa mzigo juu ya mwili, ila haukupimwa kwa ratili.

Huko Smith, binti ambaye mwaka 1885 angeyatangaza mashavu yake kwa barua, mwaka 1924 angeyaonea haya. Mwaka huo baadhi ya wanafunzi waliandika katika gazeti la chuo kuwalaumu wenzao waliojinyima chakula kupita kiasi, wakionya kwamba wasipozuiwa, chuo kitajulikana kwa nyuso zilizosawijika.