Selimundu: Maumivu yanayowaandama watoto wa kanda ya Ziwa

KATIKA kaunti za Homa Bay na Migori, zinazopakana na Ziwa Victoria, kuna familia ambazo huufahamu ugonjwa wa selimundu kwa kilio cha mtoto usiku kabla ya kulijua jina lake. Mtoto hulalamika kuwa mifupa inamuuma ilhali jeraha halionekani. Kwa sababu hiyo, baadhi yao hudhaniwa kuwa wavivu na wengine hudaiwa kurogwa.

Selimundu ni maradhi ya kurithi. Chembechembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni mviringo na laini, hujikunja mithili ya mundu zinapopungukiwa na oksijeni, kisha zikakwama katika mishipa midogo. Sehemu ya mwili isiyofikiwa na damu huuma vikali. Kwa watoto wachanga, dalili ya kwanza mara nyingi ni kuvimba kwa viganja na nyayo.

Kwa nini kanda ya Ziwa?

Jibu lilianza kupatikana mwaka wa 1949, wakati Anthony Allison, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford aliyelelewa Kenya, alipopima damu za wakazi wa sehemu mbalimbali za nchi. Aligundua kwamba jeni ya selimundu ilikuwa ya kawaida karibu na Ziwa Victoria na Pwani, lakini nadra nyanda za juu. Mwaka wa 1954 alichapisha maelezo yake: anayerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye huugua, na kwake malaria ni hatari kubwa.

Ni uhusiano huo uliowafanya watafiti wa vyuo vikuu vya Duke, Marekani, na Moi, Kenya, kufanya utafiti Homa Bay miongoni mwa watoto 246 wenye selimundu. Walilinganisha dawa ya proguanili ya kila siku na aina mbili za dawa za kila mwezi za kuzuia malaria, huku wakichunguza pia matukio ya maumivu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2022 yalionyesha kuwa malaria ilikuwa nadra katika makundi yote matatu, na dawa za kila mwezi hazikuishinda ile ya kila siku.

Utafiti mwingine uliohusisha watoto 606 wa Angola, Congo, Uganda na Kilifi nchini Kenya, ulibainisha mwaka wa 2019 kwamba dawa ya haidroksiurea ilipunguza matukio ya maumivu kwa zaidi ya nusu.

Maumivu yasiyokwisha

Maumivu yanayodumu kwa zaidi ya miezi mitatu huitwa sugu. Mgonjwa wa selimundu anapokua, mfupa wa nyonga waweza kuoza kwa kukosa damu, au akapata vidonda vya miguu visivyopona. Aidha, mishipa ya fahamu iliyosumbuliwa kwa miaka mingi huzidi kuwa nyepesi kuhisi uchungu.

Ndiyo maana wataalamu hushauri tiba ya pamoja. Daktari hutoa dawa, mtaalamu wa viungo hufundisha mazoezi, mwanasaikolojia hushughulikia hofu na huzuni, naye mwalimu huelezwa kwa nini mwanafunzi hukosa masomo.

Hata hivyo, dawa kali kama mofini huogopwa na wengi kwa dhana kwamba kila anayeitumia atakuwa mraibu. Ikitolewa kwa kipimo na chini ya uangalizi wa daktari, ni tiba inayokubalika kwa maumivu makali. Mwaka wa 2010, shirika la Human Rights Watch liliilaumu serikali ya Kenya kwa kutowapa watoto wagonjwa dawa za kutosha za kutuliza maumivu.

Mzazi afanye nini?

Mtoto anywe maji kwa wingi, akingwe na baridi na alale ndani ya chandarua. Akipata homa, akishindwa kupumua vyema, akipauka ghafla au upande mmoja wa mwili ukilegea, apelekwe hospitalini mara moja. Wanaopanga kuoana nao wapimwe damu: iwapo wote wawili wana jeni hiyo, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuleta mtoto mgonjwa.