Kuwako na Kuwa Kitu: Kutoka Heru Juu hadi kwa Ayn Rand

Lipo neno ambalo lugha za Kibantu hukataa kuliacha lisimame peke yake, nalo ni neno la kuwa. Mtu akisema "mimi ni", kisha akanyamaza, msikilizaji hubaki na shingo iliyonyooka akingoja: u nani, u nini? Akisema "niko", huulizwa yuko wapi, na akisema "nipo" tayari ameshajibu, kwani ile po ni mahali. Jambo hili aliliandika Padri Alexis Kagame wa Rwanda katika miaka ya 1970, alipoitazama ile hoja mashuhuri ya Mfaransa Descartes, kwamba anafikiri na kwa hiyo yupo. Kwa masikio ya Kibantu, akasema Kagame, hoja hiyo haieleweki. Imekatika kabla ya kumalizika. Yupo nini? Yupo wapi?

Swali hilo halikuzaliwa katika chuo kikuu. Lingeweza kuulizwa jioni yoyote Heru Juu, katika nyanda za juu za Kigoma, katika vilima vya Kasulu ambako ufalme wa Heru ulikuwa na makao yake. Waha wa huko husema Kiha, lugha iliyo ndugu wa damu wa Kirundi na Kinyarwanda, hata wakimbizi wa Burundi waliovuka mpaka baada ya 1993 waliweza kuzungumza na wenyeji wao bila ya mkalimani. Alichokisema Kagame juu ya Kinyarwanda, kwa hiyo, Mha hukipima kwa ulimi wake mwenyewe. Nasi wa pwani twaweza kukipima pia, kwa kuwa Kiswahili ni tawi la mti huohuo, ijapokuwa tawi lililokua likinywa maji ya bahari.

Kagame alikuwa mshairi na mwanahistoria kabla ya kuwa mwanafalsafa. Alizaliwa 1912. Mwaka 1952 alitoa kitabu juu ya sheria na mila za utawala wa Rwanda ya kale, wakoloni wa Kibelgiji wakachukizwa, akaondoshwa nchini na kupelekwa Roma. Uhamisho ule ndio uliompa nafasi ya kusoma falsafa, na 1956 utafiti wake juu ya falsafa ya kuwako kwa Kinyarwanda ukachapishwa Brussels. Miaka kumi na moja nyuma, mmisionari Placide Tempels, aliyeishi na Waluba wa Kongo, alikuwa ameandika kwamba kwa Mbantu kuwako ni kuwa na nguvu. Kagame hakuridhika na maneno ya jumla kama hayo. Alitaka ushahidi, akautafuta katika sarufi. Akalichukua shina -ntu na kuona kwamba vyote vilivyoko vimegawanyika mafungu manne: umuntu, chenye akili, ikintu, kisicho na akili, awe mnyama, mti au jiwe, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna, kiasi, hali na uhusiano. Mafungu manne, na kila kitu duniani kina fungu lake.

Katika mwongo huohuo, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, mwanamke aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1905 na kuhamia Marekani 1926 alikuwa akimaliza riwaya yake kubwa kuliko zote. Jina lake la uandishi ni Ayn Rand, na riwaya ni Atlas Shrugged, iliyotoka 1957. Wengi wanamjua kwa siasa zake za soko huria, na wengi humchukia au kumpenda kwa hizo tu. Si siasa hizo zinazotuhusu hapa. Chini yake alijenga msingi wa metafizikia na nadharia ya maarifa, akauita Objektivizimu, na msingi huo unastahili kusomwa hata na asiyekubaliana na ghorofa zilizojengwa juu yake.

Rand huanza na mambo matatu ambayo, kwa maoni yake, hayathibitishwi kwa sababu kila uthibitisho huyategemea. La kwanza ni kwamba kilichoko kiko. La pili, kuwako ni kuwa kitu fulani chenye tabia zake: hakuna kuwako kwa jumla kusiko na sura, wala hakuna kitu kinachoweza kuwa ndicho na sicho kwa wakati mmoja. La tatu ni ufahamu: yuko anayefahamu. Lakini ufahamu, asema, ni lazima uwe ufahamu wa kitu. Akili isiyojua chochote isipokuwa nafsi yake haiwezekani, maana kabla ya kujijua kuwa inafahamu ingepaswa kwanza kufahamu jambo fulani. Basi vitu hutangulia na akili hufuata. Jua halingoji kutazamwa ndipo liwake. Na anayetaka kuyakanusha mambo haya matatu hulazimika kuyatumia: akisema "hakuna kitu", ameshakiri kwamba yuko yeye, liko neno lake, na yuko anayeambiwa.

Msomaji ataona mara moja jinsi jambo la pili linavyokaribiana na sarufi ya Heru Juu. Lugha ambayo haikubali "niko" bila ya kuuliza "nini?" au "wapi?" ni kana kwamba imekataa kutenganisha kuwako na kuwa kitu. Padri wa Rwanda na mwandishi wa New York wanamgomea Descartes mlangoni pamoja, mmoja kwa hoja ya ulimi na mwingine kwa hoja ya mantiki. Ama kwa hakika ni kukutana kwa ajabu, kwa sababu mmoja alikuwa mtu wa altare na mwingine hakuamini kuwa Mungu yuko.

Lakini wakishaingia ndani ya nyumba hawakai chumba kimoja. Kagame ayapokea mafungu yake kutoka kwenye lugha. Rand auliza swali la nyuma yake: lugha yenyewe imeyapata wapi?

Jibu lake, alilolieleza kwa urefu katika makala za 1966 na 1967, laanzia kwenye hisi. Hisi, kwake yeye, hazidanganyi. Upondo wa mtumbwi ukitumbukizwa majini huonekana umepinda, na watu wamelitumia jambo hilo kwa karne nyingi kuyashitaki macho. Rand ayatetea: jicho limeleta habari sahihi ya upondo ulio nusu majini na nusu hewani, ambamo nuru hupita tofauti. Anayekosea ni mtu, pale anapohukumu kwamba mti umevunjika. Makosa ni ya hukumu.

Kisha yaja dhana. Mtoto wa Kasulu huyaona maharage: mekundu, ya njano, yenye madoa, makubwa na madogo. Huona pia punje za mahindi. Akilini mwake maharage hukusanyika upande mmoja kwa kufanana kwao mbele ya mahindi, na kinachotokea hapo, kwa nadharia ya Rand, ni kuacha vipimo. Kila haragwe ni lazima liwe na ukubwa fulani na rangi fulani, lakini laweza kuwa na ukubwa wowote na rangi yoyote katika mpaka wake. Akili hushika sifa na huachilia kipimo, halafu hupiga muhuri wa neno. Bila ya muhuri huo mwanadamu angekuwa kama kunguru wa kisa alichopenda Rand kukitumia: kunguru waliojificha msituni wakingoja watu waliowaona wakiingia watoke wote, watu wakiwa wachache huwahesabu sawasawa, wakizidi kidogo hesabu huwapotea. Nasi pia hatuwezi kubeba mengi kwa mara moja. Neno moja hutubebea maharage yote yaliyopandwa na yatakayopandwa.

Mfano ulio bora kuliko maharage unapatikana Heru penyewe. Katika miaka ya 1950, wakati Kagame akiwa Roma na Rand akiandika, aliyekuwa mwami wa Heru ni mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Neno lilikuwa lilelile walilolibeba wafalme wanaume kabla yake. Kiha, kama Kiswahili, hakibadilishi jina kwa jinsia, na dhana ya mwami, yaani mwenye enzi juu ya Heru kwa haki ya ukoo, ilimpokea bila ya kupasuka. Kwa lugha ya Rand, jinsia ilikuwa kipimo kilichoachwa. Yule ambaye angeweka "mwanamume" ndani ya maana ya neno angekuwa amekichukua kinachotokea mara nyingi akakifanya kiini. Rand alisisitiza kwamba kiini kinachowekwa katika ufafanuzi hutegemea ujuzi tulio nao. Ujuzi ukipanuka ufafanuzi waweza kubadilika, na dhana ikabaki kuwa ya vitu vilevile.

Sasa na tumrudie Kagame kwa mizani hii. Wakosoaji wake hawakukawia. Mwaka 1958 Mfaransa Émile Benveniste alikuwa ameshadai kwamba hata yale mafungu kumi ya Aristotle ni sarufi ya Kiyunani iliyovishwa joho la falsafa. Na 1977 Paulin Hountondji wa Benin akawakemea wote wanaochimbua falsafa ya watu wazima katika misemo na viambishi kana kwamba kijiji kizima kina fikra moja. Lakini ushahidi wa karibu zaidi hauhitaji Paris wala Cotonou. Mfuate ng'ombe.

Heru Juu ng'ombe ni inka, na sentensi humfuata kwa upatanisho wa ngeli yake mwenyewe, mbali na ngeli ya watu. Mteremshe ng'ombe huyohuyo hadi pwani, ghafla anapewa heshima ya mtu: ng'ombe amekuja, ng'ombe wamelala. Je, amepata akili njiani? Kwa upande mwingine, Kiswahili kina kipofu, kiziwi na kijana, majina yaliyovaa nguo ya vitu, na hakuna Mswahili aliyewahi kudhani kwamba kijana ni wa fungu la viti na vikombe. Ng'ombe ni yuleyule. Kagame mwenyewe alilihisi hilo, ndiyo maana alilishika shina -ntu badala ya kufuata kila ngeli; lakini kwa kuchagua alikuwa ameshaazima kipimo kutoka nje ya sarufi, na kipimo hicho kinanuka Aristotle wa seminari.

Kuna ushahidi wa pili ulio mzuri zaidi. Katika yale mafungu manne, pwani imehifadhi mawili tu kwa shina la kale: mtu na kitu. Ahantu na ukuntu vimetoweka, na badala yake tuna mahali na jinsi, maneno yaliyotoka Uarabuni, na namna, lililotoka Uajemi. Kama mafungu ya kuwako yangekuwa yanaishi katika neno, basi mabaharia wa Unguja wangekuwa wamepoteza mahali! Hawakupoteza. Tena neno la kigeni lilipoingia lililazimika kuvaa vazi la mwenyeji: twasema mahali pale, mahali pazuri, na pa hiyo ni ya mababu. Neno lilikwenda na kiambishi kikabaki, kwa sababu ufuo ulibaki na mtu alihitaji kuuonesha.

Hapa Rand anashinda hoja, na kushinda kwake ni faraja kwa kila mfasiri: ikiwa dhana hutoka kwenye vitu, Mha na Mswahili na Mfaransa wanaweza kusigana maneno na bado wakaelekeza kidole kwenye ng'ombe mmoja. Ni faraja pia kwa anayewasikia vijana wa Kasulu wakizidi kusema Kiswahili, kwamba ukweli hautazikwa pamoja na neno. Kitakachopotea ni kitu kingine, nacho si kidogo, ila si ulimwengu.

Hata hivyo hashindi kila mahali. Kutoka kwenye "kilichoko kiko" aliruka hadi kwenye kanuni za maadili na serikali kwa hatua ndefu mno, na ujasiri wake hapo unazidi hoja zake. Na kutoka kwenye kanuni kwamba vitu hutangulia ufahamu alihitimisha kuwa hakuna Muumba, kwani Muumba angekuwa ufahamu uliotangulia vitu. Msomaji wa visiwani, aliyefundishwa chuoni kuhesabu sifa ishirini zikianzia na wujudi, atasimama hapa, na ana haki ya kusimama. Kinachomkataza ufahamu wa mwanadamu kuumba vitu si lazima kimkataze asiye mwanadamu. Rand alikitoa kwetu akakipeleka kwingine bila ya kulipa ushuru. Kagame alikuwa mwangalifu zaidi. Imana, Mungu anayetajwa Rwanda, Burundi na Buha, hakumwingiza katika fungu lolote kati ya yale manne. Alimweka nje ya -ntu zote, kama chanzo chake.

Linabaki tatizo la kulitia jambo la kwanza la Rand katika lugha yetu. Kiingereza chake hakitaji mahali. Sisi hatuna budi kuchagua: kilichopo kipo, kilichoko kiko, au kilichomo kimo. Kila kimoja kinataja mahali, cha kwanza panapojulikana, cha pili kusikodhihirika, cha tatu ndani. Lakini wafuasi wa Rand, wakimfuata Aristotle, hushikilia kwamba mahali ni uhusiano wa kitu na kitu kingine, na kwa hiyo vitu vyote kwa jumla haviko mahali popote, maana hakuna cha nje cha kuvipakana. Ulimwengu mzima uko wapi? Kwa wao swali hilo ni batili; kwa sarufi ya Unguja na ya Heru Juu limeshaulizwa kabla ya sentensi kwisha. Katika makala hii imechaguliwa ko, iliyo legevu kuliko zote, na hata hiyo inasema zaidi ya alivyosema mwenyewe.