Pumzi Nje ya Dunia: Hewa ya Chomboni na Mapafu ya Wanaanga, 1971–1991

Makala haya yanatetea hoja kwamba, katika miongo ya mwanzo ya safari za anga za mbali, mapafu ya wanaanga yalihatarishwa zaidi na hewa ya chombo chenyewe kuliko hali ya kukosa uzito.

Tarehe 30 Juni 1971, vali ya chombo cha Kisovieti, Soyuz 11, ilifunguka kabla ya wakati wake kikiwa bado nje ya angahewa. Hewa ilivuja, na Dobrovolsky, Volkov na Patsayev, ambao hawakuvaa mavazi ya kudumisha kanieneo, wakafariki. Baada ya msiba huo, mavazi hayo yakawa ya lazima. Desemba 1972, mwanajiolojia Harrison Schmitt wa Apollo 17 alivua kofia yake chomboni, akazibwa pua na vumbi la mwezi. Chembe za vumbi hilo zina ncha kali, kwa kuwa mwezini hakuna upepo wala maji ya kuzisugua. Tarehe 24 Julai 1975, Wamarekani watatu waliorejea kutoka safari ya pamoja na Wasovieti walivuta gesi ya sumu ya nitrojeni tetroksaidi, iliyoingia kupitia tundu la hewa wakati wa kushuka. Vance Brand alizimia, na wote watatu wakalazwa Honolulu kwa uvimbe wa mapafu.

Hali ya kukosa uzito ilichunguzwa kwa kina Juni 1991, katika safari ya Columbia, kwa vipimo vilivyoandaliwa na John West na wenzake. Ilibainika kwamba mgawanyo wa hewa na damu mapafuni ulipungua tofauti zake bila kuziondoa kabisa. Mapafu yaliendelea kufanya kazi yake vizuri.

Historia hii ina funzo la kiistilahi. Maneno "matatizo ya kupumua" yangeweza kuyajumuisha matukio yote matatu ya awali, ilhali kuvuja kwa hewa hudai vazi, vumbi hudai kichujio, na sumu hudai utaratibu madhubuti wa kutua. Vivyo hivyo, "anga" pekee halitofautishi angahewa tunamopumua na anga za mbali zisizo na hewa. Kwa hiyo, waandaao sera za anga kwa Kiswahili wanapaswa kukitaja kila chanzo cha madhara kwa jina lake, kwani kinga huchaguliwa kwa kufuata chanzo.