Mpira wa kupumulia: Nusu dakika inayopimwa kooni mwa mtoto mchanga

MTOTO akizaliwa kisha asilie, chumba kizima cha kujifungulia hunyamaza. Mama huuliza kulikoni, naye mkunga, badala ya kujibu, humkausha mtoto, humsugua mgongo na kukitazama kifua chake. Mtoto mmoja hivi kati ya kila kumi huhitaji msaada wa namna hii ili aanze kuvuta pumzi. Walio wengi hulia papo hapo. Baadhi hupulizwa hewa kwa mfuko na barakoa, na wengi wa hao pia huchangamka. Wanaofikia hatua ya kuingizwa mpira wa kupumulia kooni ni wachache mno, ila hali yao haingojei.

Mpira wenyewe ni bomba jembamba la plastiki lipitishwalo kinywani, au wakati mwingine puani, likapenya baina ya nyuzi za sauti hadi kwenye koo la hewa. Daktari huuamua pale ambapo kifua hakiinuki hata baada ya kichwa kuwekwa sawa, barakoa kubanwa upya na kinywa kusafishwa, au pale mapigo ya moyo yanapobaki chini ya 60 kwa dakika na kifua kuhitaji kubonyezwa. Wapo pia wanaozaliwa na tundu kwenye kiwambo kitenganishacho kifua na tumbo, matumbo yakapanda juu. Hao huwekewa mpira mapema, kwa kuwa hewa ya barakoa huyajaza matumbo hayo na kuyabana mapafu zaidi.

Kundi jingine ni la watoto njiti. Mapafu yao huwa hayajatengeneza safaktanti ya kutosha, yaani ule utando laini uzuiao vifuko vya hewa kugandamana. Mnamo Agosti 1963, Patrick Bouvier Kennedy, mwana wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, alifariki kwa maradhi hayo akiwa na umri wa saa 39. Cheo cha babake hakikufua dafu kwani tiba haikuwepo. Ilikuwa 1980 ambapo Tetsuro Fujiwara na wenzake nchini Japani walichapisha matokeo ya kuwatilia watoto 10 safaktanti iliyotokana na ng'ombe, kupitia mpira huohuo wa kooni. Siku hizi wengi wa watoto njiti huanzishiwa hewa ya shinikizo kupitia puani, na mpira hutumiwa hiyo inaposhindwa.

Jambo moja limebadilika na lafaa kutajwa, kwa sababu baadhi ya wahudumu walifunzwa vingine. Kwa miaka mingi, mtoto aliyezaliwa akiwa amelegea, huku maji ya uzazi yamechanganyika na kinyesi chake cha kwanza, aliingizwa mpira ili uchafu huo ufyonzwe. Tangu 2015 miongozo ya kimataifa haipendekezi tena hatua hiyo kuwa ya kawaida. Haikuthibitika kuwa na faida, na ilikuwa ikichelewesha pumzi ya kwanza.

Kifaa kikuu cha kazi hii ni laringoskopu: mpini wenye betri, ulimi wa chuma na taa ndogo kwenye ulimi huo. Kwa mtoto mchanga hutumiwa ulimi ulionyooka, hasa aina ya Miller, kwa sababu kifuniko cha koo lake la hewa ni kirefu na kimelegea, na ncha iliyonyooka hukiinua vyema. Ulimi wa nambari 1 ni wa mtoto aliyetimiza miezi yake, nambari 0 ni wa njiti, nayo 00 ni ya wale wadogo kupindukia.

Mipira hupimwa kwa upana wake wa ndani. Mtoto aliye chini ya kilo 1 huwekewa wa milimita 2.5, wa kilo 1 hadi 2 hupewa wa 3.0, na aliyezidi kilo 2 wa 3.5. Muuguzi mzoefu huweka kando pia ulio mdogo kwa hatua moja. Juu ya hayo pawe na mashine ya kufyonza, plasta iliyokwisha kukatwa, stethoskopu, kifaa cha kutambua kaboni dioksaidi, na mfuko na barakoa ambavyo havipaswi kuondoka mezani hata dakika moja. Wengine hutumia waya wa kuukaza mpira. Ncha ya waya huo isitokeze nje, isije ikatoboa. Taa nayo hujaribiwa mwanzoni mwa zamu. Ikizimika kinywani mwa mtoto, basi kosa lilitendeka saa nyingi kabla hajazaliwa.

Kisogo cha mtoto mchanga ni kikubwa, hivyo akilazwa tu kidevu huinama na njia ya hewa hujikunja. Kitambaa kilichokunjwa huwekwa chini ya mabega ili uso utazame juu, mithili ya mtu anayenusa. Kichwa kikirudishwa nyuma mno, koo hupotea machoni vilevile. Laringoskopu hushikwa kwa mkono wa kushoto, hata na daktari atumiaye mkono huo kuandikia, kwa kuwa ndivyo ilivyoundwa. Huingizwa upande wa kulia wa kinywa, ikausukuma ulimi wa mtoto kushoto, kisha huinuliwa kuelekea upande unaoelekezwa na mpini. Kuitumia kama wenzo juu ya ufizi huumiza na hakuonyeshi kitu.

Kinachotafutwa ni nyuzi mbili nyeupe zilizokaa kama herufi V iliyopinduliwa. Zikiwa zimefumba, hungojewa zifumbuke, hazilazimishwi. Mpira huingizwa kutoka pembe ya kulia ili usizibe macho ya anayetazama. Zikipita sekunde 30 bila kufaulu, laringoskopu hutolewa na mtoto hupulizwa tena kwa barakoa. Kuacha huko ndiko kugumu kwa mwanagenzi, ambaye huamini kuwa amebakisha kidogo tu, ilhali ubongo wa mtoto unakosa oksijeni.

Kina hukadiriwa kwa kujumlisha 6 kwenye uzito wa mtoto kwa kilo: wa kilo 1 husoma sentimita 7 mdomoni, wa kilo 3 husoma 9. Ukizidi, mpira huingia pafu la kulia pekee na la kushoto hukosa hewa. Hatari kubwa zaidi ni kuingia kwenye umio, hewa ikaenda tumboni. Kitambuzi cha kaboni dioksaidi hugeuka kutoka zambarau kuwa manjano mpira ukiwa mahali pake, ingawa moyo uliodhoofika sana waweza kukifanya kisibadilike. Dalili ya kutegemewa kuliko zote ni mapigo ya moyo kupanda.

Si kazi rahisi hata kwa waliobobea. Utafiti wa Dublin uliochapishwa 2024 ulionyesha kuwa jaribio la kwanza lilifaulu kwa watoto 74 katika kila 100 walipotumia laringoskopu yenye kamera, na 45 pekee walipotazama kwa macho. Katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, wakunga walijaribu barakoa laini ikaayo juu ya koo la hewa; matokeo ya 2020 yalibainisha kuwa haikupunguza vifo wala madhara ya ubongo kuliko barakoa ya uso. Nchini Kenya, ambako utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipata vifo 21 vya watoto wachanga kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai, mfuko na barakoa mikononi mwa mkunga aliyefunzwa ndio unaowafikia wengi, na ndio unaofaa kununuliwa kwanza.

Mpira ukishaingia, kazi haijaisha. Pasipo mashine ya kupumulia, mtu huufinya mfuko kwa mkono hadi hospitali ya rufaa. Njiani, kidevu kikiinama mpira hushuka. Kichwa kikirudi nyuma hupanda na waweza kuchomoka. Ndiyo maana ile namba ya sentimita iliyosomwa mdomoni huandikwa kwenye faili, na husomwa upya kila mtoto anapohamishwa kitanda.